Umeme wa LUKU unaishia wapi? Iulize mita

Wengi wakitaka kubana umeme hukimbilia taa. Kama tayari ni za LED, hapo hapana kikubwa cha kuokoa. Kwa nyumba za Dar es Salaam, chunguza kwanza kiyoyozi na friji. Sehemu ya umeme wetu bado inatokana na gesi inayochomwa Ubungo na Kinyerezi, hivyo yuniti zinazopotea ni pesa na pia ni moshi.

Mita ya LUKU ina taa ndogo nyekundu inayowakawaka, na usoni pameandikwa namba kama 1000 imp/kWh, yaani mara inazowaka kwa kila yuniti moja. Zima kila kitu, chomoa hata chaja. Ikiendelea kuwakawaka, kuna kifaa umekisahau au umeme unavuja. Likiwa la pili, mwite fundi. Kisha washa kifaa kimoja na uhesabu kwa dakika moja. Kwa mita ya 1000, zidisha kwa 60: ikiwaka mara 15, kifaa kinakula wati 900. Mita ya 1600, zidisha kwa 37.5.

Friji ihesabu inapounguruma. Ikiwa hainyamazi hata mara moja, bana noti mlangoni uivute. Ikitoka kirahisi, mpira umelegea: uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, na ukikataa kubana, badilisha. Acha nafasi ya sentimita 10 hivi nyuma yake. Barafu ikiganda, zima friji iyeyuke yenyewe. Kisu usikiguse! Ukitoboa bomba gesi inatoka yote, na bili ya fundi itameza ulichookoa.

Kiyoyozi kiweke 25 au 26 na feni izunguke polepole. Cha kawaida, kisicho cha inverta (aina inayobadili kasi yake yenyewe), hakipoozi haraka zaidi ukikiweka 16; kinachelewa tu kujizima. Chujio lioshe kila wiki mbili kama unakaa kando ya barabara ya vumbi. Lile boksi la nje watu hulifungia kwenye kizimba cha bati kuogopa wezi, likabaki kuvuta joto lake lenyewe. Tumia nondo zilizoachana. Jirani na bahari, kama Msasani au Kigamboni, chumvi hula mapezi ya boksi hilo, yaani vile vibati vyembamba vilivyopangana. Zima umeme, yasuuze kwa maji baridi yasiyo na presha.

Ukimaliza kila marekebisho, rudi kwenye mita uhesabu tena, saa ileile ya siku, maana joto la mchana na la usiku halilingani.