Usisaini udhamini wa nyumba ya sororiti kabla ya kuusoma: kwa wazazi wenzangu tulio Marekani

Mtoto akishaanza chuo huku Marekani, kuna siku atakupigia simu akwambie, "Mama, nimepata mwaliko," kwa furaha ambayo hujaisikia tangu siku alipopata barua ya kukubaliwa chuoni. Mwaliko huo ni wa kujiunga na sororiti, au fratenati kama ni mvulana. Binti yangu alinipigia simu ya namna hiyo akiwa mwaka wa kwanza katika chuo kimoja hapa Texas. Sasa nimemaliza kulipa dola 360 kila mwezi kwa miezi 19, kwa sababu ya karatasi niliyoisaini kwa kidole kwenye simu. Jumla ni dola 6,840. Kwa wengi wetu hiyo ni hela ya kupaua nyumba Tanga.

Kwanza niwaeleze ni vitu gani hivi. Ni vyama vya wanafunzi vinavyoitwa kwa herufi za Kigiriki: fratenati vya wanaume, sororiti vya wanawake. Vingi vina makao makuu ya kitaifa na matawi vyuoni. Vina ada, sare, sherehe, kazi za kujitolea, na baadaye watu wa kukushika mkono unapotafuta kazi. Mtoto akikuambia ameitwa na Phi Beta Kappa, kilichoanza 1776, mpongeze tu, kwani hicho siku hizi ni cha heshima ya taaluma na hakina habari ya nyumba wala bweni.

Habari ilipofika Korogwe, mama mdogo alinipigia saa tisa usiku analia kwamba mjukuu wake ameingizwa freemason. Wakaanza kufunga na kuomba. Ndugu zangu wa nyumbani, nawapenda, lakini mlinitisha kwa jambo ambalo halikuwa na hatari. Ni kweli siri zipo, na viapo vipo. Lakini nani kati yetu aliyechezwa unyago akatoka kuwasimulia wanaume yaliyosemwa ndani? Martin Luther King alikuwa mwanachama wa Alpha Phi Alpha, kilichoanzishwa na wanafunzi weusi pale Cornell mwaka 1906. Kamala Harris ni wa Alpha Kappa Alpha, kilichoanzia Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1908. Wasichana wa Delta Sigma Theta waliandamana Washington kudai kura ya wanawake mwaka 1913, mwaka uleule walipoanzisha chama chao. Wakati familia nzima inakemea mapepo, mimi nilikuwa nimeshasaini kitu chenyewe cha kuogopwa, na hakuna aliyeniombea kwa hicho.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa kwenye mapumziko ya dakika 15 kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Glavu moja nimeivua, nyingine iko mkononi. Binti akanitumia ujumbe: mama, nimekutumia kitu kwenye imeili, saini haraka, mwisho ni leo. Nikafungua. Juu kulikuwa na kitufe cha njano, nikakibonyeza, kikanirusha kurasa 11 mpaka kwenye kisanduku cha saini. Nikapitisha kidole, nikavaa glavu, nikarudi kumgeuza mzee kitandani. Kurasa zile 11 nilikuja kuzisoma mwaka uliofuata, siku barua ya wakusanya madeni ilipofika. Ukurasa wa tisa ulisema mdhamini anawajibika kwa gharama yote ya mwaka wa masomo, mwanachama akae au asikae ndani ya nyumba hiyo.

Binti alihamia Agosti ya mwaka wake wa pili. Oktoba akatoka. Alikuwa hapati usingizi, masomo yanashuka, na mimi mwenyewe nilimwambia afungashe arudi bweni la chuo. Nikadhani nimemwokoa. Malipo ya chumba na chakula mpaka Mei yakabaki pale pale, na jina lililoandikwa chini ni langu.

Sisi tuliokulia kwenye fomu za Bodi ya Mikopo neno mdhamini tumelizoea vibaya. Kwetu mdhamini ni picha ya pasipoti na muhuri wa serikali ya mtaa. Umemsainia mpwa, umemsainia mtoto wa jirani, na wengi wetu hatujawahi kugongewa mlango. Huku mlango unagongwa. Deni likifika kwa wakusanya madeni linaweza kuandikwa kwenye krediti yako, yaani rekodi ya namna unavyolipa madeni, na kukaa humo miaka 7. Mimi lilinikuta katikati ya maombi ya mkopo wa nyumba, yakasimama.

Nasema tena, nyumba ya sororiti si bweni la chuo. Hata kama iko ng'ambo ya barabara na maktaba, hata kama ofisi ya chuo ndiyo iliyoandaa wiki ya usaili wa wanachama wapya, nyumba mara nyingi ni ya kampuni ya wanachama wa zamani, na mkataba ni kati yao na wewe. Nilipokwenda ofisi ya fedha ya chuo nikiwa na bahasha yangu, nilijibiwa kwa upole kwamba hilo haliwahusu. Na vyama vingi vyenye nyumba vinamtaka mwanachama akae humo kwa muda fulani, au alipe ada ya nyumba hata asipokaa. Muulize mtoto swali hilo kabla hajakubali mwaliko: lazima kukaa, na kwa muda gani?

Ukitumiwa karatasi, usibonyeze kitufe cha kurukia saini. Tafuta mahali penye neno la mdhamini. Tafuta mahali panaposema mtu akitoka katikati ya mwaka inakuwaje, na kama anaruhusiwa kuleta mwenzake wa kuchukua kitanda. Kama huelewi, ofisi ya sheria ya wanafunzi, chuo kikiwa nayo, humsomea mtoto mkataba. Wakisema mwisho ni leo, mwambie mtoto aombe siku tatu kwa maandishi.

Hatua nyingine ni fupi. Ada ya uanachama iulizwe kwa mwaka mzima, pamoja na sare, picha na zawadi. Kwenye sororiti za Panhellenic, umoja wa sororiti za kitaifa, binti akisaini karatasi ya mwisho wa usaili kisha akakataa mwaliko alioupata, hapo chuoni atasubiri usaili mkuu unaofuata. Vyama vya weusi vina utaratibu wao, wa kimya zaidi, na matawi yao mengi hayana nyumba.

Kuna ukuta mwingine nilioupiga kichwa. Niliposikia mtoto hapati usingizi, nilipiga simu chuoni kuuliza maendeleo yake kama ambavyo ningempigia mwalimu mkuu nyumbani. Wakakataa kuniambia hata kama anahudhuria darasa. Kuna sheria ya 1974, FERPA, inayompa mwanafunzi wa chuo haki juu ya taarifa zake za masomo, hata kama ada unalipa wewe. Mtoto anaweza kusaini ruhusa, na chuo kinaweza pia kukupa taarifa ukionyesha kwamba kwenye kodi bado anakutegemea. Isaini ruhusa hiyo pamoja naye Agosti, kabla hakijaharibika kitu. Mimi sitazoea jambo hili. Nchi inamwambia mtoto wa miaka 18 ni mtu mzima, inaninyima habari zake, kisha inamtafuta mama yake alipe.

Na uonevu wa wanachama wapya, wanaouita heizingi, msiufananishe na mambo ya njuka kidato cha kwanza, kuchota maji na kufua nguo za kaka wakubwa. Huku vijana wamekufa kwa kulazimishwa kunywa pombe kali, katika nchi ambayo umri halali wa kunywa ni miaka 21. Texas ni kosa la jinai, na kusema "alikubali mwenyewe" si utetezi. Desemba 2024 ilisainiwa sheria ya nchi nzima inayovitaka vyuo kutangaza hadharani vyama vilivyokutwa na hatia. Ingia kwenye tovuti ya chuo, usome taarifa hiyo, utafute jina la chama cha mwanao. Kwa mwenye viza ya F-1, ile ya mwanafunzi wa kigeni, akiwa upande wa wanaoonea akasimamishwa masomo, hata ukaaji wake nchini unaweza kuondoka.

Simkatazi mtu. Binti yangu bado ana rafiki wawili aliowapata mle, na mmoja alilala sakafuni kwetu wiki nzima baba yake alipofariki. Wamarekani hawana mtaa kama wetu ambao mtu ukiugua kila mlango unafunguka, kwa hiyo wanaununua udugu na kuuandikia mkataba, na nimeona kwamba wengi wao wanaushika kweli mpaka uzeeni.

Ukiwa umeshaingia kwenye deni kama langu, usijifiche. Omba mchanganuo kwa maandishi, omba kulipa kidogo kidogo, na ukimaliza dai barua ya kufunga deni. Yangu ilifika wiki iliyopita, nimeiweka kwenye bahasha moja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.