Somo: Kumfundisha mwanafunzi kuuliza "kwa nini mhusika huyu alifanya hivi?"

Habari za kazi, walimu wenzangu.

Nimesahihisha insha za fasihi kwa miaka mingi, na kuna kosa moja linaloniuma kila ninapolikuta. Unauliza kuhusu Kinjeketile, kiongozi katika tamthilia ya Vita vya Maji Maji aliyewapa watu maji yaliyoaminika kuwakinga na risasi za Wajerumani: "Kwa nini Kinjeketile alikataa kusema kwamba maji ni uongo?" Mwanafunzi anaandika: "Kinjeketile ni shujaa. Ni mzalendo. Ana msimamo." Anaweka kalamu chini. Swali halijajibiwa. Nimemuuliza msukumo, yaani kilichomfanya mhusika atende, yeye amenitajia sifa. Wala si kosa lake, maana miongozo ndiyo inayomlea hivyo: jina la mhusika, kisha sifa sita za kukariri.

Hizi ndizo hatua ninazozifuata. Zinachukua vipindi vitatu, vinne kama darasa ni kubwa.

Hatua ya 1: Anza na sufuria ya Abunuwasi

Usianze na kitabu. Anza na hadithi wanayoijua tangu nyumbani. Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani. Siku ya kurudisha analeta na kasufuria kadogo ndani yake, anasema, "Sufuria yako imezaa." Jirani anapokea vyote viwili. Simama hapo hapo, usiwafikishe kwenye siku sufuria "ilipokufa".

Uliza: "Jirani anajua kwamba sufuria haizai?"

Darasa zima: "Anajua!"

"Sasa mbona amepokea?"

Patakuwa na kimya kidogo, kiache. Atatokea mmoja aseme, "Tamaa." Liandike neno hilo ubaoni, kisha usilikubali bado. Tamaa anayo jirani kila siku. Siku ile, mlangoni pale, alitaka nini hasa? Darasani kwangu binti mmoja wa nyuma kabisa alijibu: "Hakutaka kuuliza, maana akiuliza atakikosa." Nilimwomba arudie wote wasikie. Jirani alitaka sufuria ya bure, lakini hakutaka kuonekana mwizi, na Abunuwasi alimletea njia ya kuipata mikono ikiwa safi. Kunyamaza kwake ndiko kulikomponza baadaye.

Hapo ndipo ninapowapa kanuni waiandike daftarini: sifa hutajwa kwa neno moja, msukumo unahitaji sentensi nzima.

Hatua ya 2: Wape umbo la sentensi

Alitaka ___, lakini ___, ndipo aka___.

Wajaze kwa jirani, kisha kwa Abunuwasi mwenyewe. Dakika kumi zinatosha. Anayeandika "Alitaka tamaa" mrudishe taratibu: mtu hataki tamaa, anataka kitu.

Hatua ya 3: Ingia kitabuni kwa kitendo kimoja

Mimi hutumia tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, iliyotoka mwaka 1969. Msiparamie mchezo mzima. Chagueni njia panda moja, na mimi huchagua ya gerezani. Vita vya Maji Maji vimewaendea vibaya wapiganaji. Kitunda, aliyekuwa kiongozi wao vitani, anamsihi Kinjeketile atamke kwamba maji yalikuwa uongo ili apate kunusurika. Kinjeketile anakataa.

Chora mstari katikati ya ubao. Upande mmoja andika "Akikubali", upande wa pili "Akikataa". Chini ya kila upande waulize anapata nini na anapoteza nini. Akikubali anapata uhai wake. Akikataa anateswa, na kifo kipo mbele. Hesabu hiyo ukiiangalia kwa haraka, aliyekataa anaonekana amekosea, na hapo ndipo wanafunzi wanapoanza kubishana kweli. Waache wabishane.

Hatua ya 4: Warudishe kurasa za nyuma

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo walimu wengi tunayoiruka kwa sababu ya muda. Jibu la kwanza la darasa huwa, "Alikataa kwa sababu aliyaamini maji." Waulize: una hakika? Warudi nyuma wasome tena.

Watakutana na Kinjeketile aliyepandwa na pepo akatabiri kwamba watu watakuwa watoto wa Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar. Anapokuja kuyatafakari maneno yale anashtuka, kwa sababu kutoka kwa bwana mmoja na kwenda kwa mwingine si uhuru. Watamwona akitaka vita visubiri, huku watu wameshika neno lake na hawawezi kulirudisha. Kumbe mtu aliyefungwa pale gerezani amekwisha kuingiwa na shaka zamani, na bado anakataa kuyakana maji.

Basi anakataa kwa nini? Yasomeni pamoja maneno yake ya mwisho kwa Kitunda. Hofu yake ni ya kesho. Akikiri kwamba maji ni uongo, mkoloni atawafundisha watoto kwamba kupigana kwenyewe kulikuwa kosa. Sentensi ya mwanafunzi wangu mmoja wa Kidato cha Tatu nimeihifadhi: "Alitaka kuwaambia watu ukweli kuhusu maji, lakini aliona Mjerumani ataugeuza ukweli huo uwe silaha yake, ndipo akachagua kunyamaza na kufa." Humo hamna neno "shujaa" hata moja, na ushujaa wake umeonekana.

Hatua ya 5: Tofautisha wanachosema na kinachowasukuma

Mhusika anaweza kutaja sababu moja na kusukumwa na nyingine. Jirani wa Abunuwasi angeulizwa angesema, "Nilimwamini." Kwa kila dai waonyeshe ushahidi: neno lake, kitendo chake, au yale wanayoyasema wengine juu yake. Bila ushahidi, dai ni dhana tu na halipati alama.

Hatua ya 6: Waandike

Aya moja, mistari minane hadi kumi. Sentensi ya msukumo ije kwanza, mifano miwili ya ushahidi ifuate. Insha ndefu isubiri.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Lindi): Mwalimu, darasa langu lina wanafunzi zaidi ya themanini na nakala za kitabu hazifiki kumi. Hizo kurasa za nyuma tutazirudia vipi?

Jibu: Pole, mwenzangu, hali hiyo naijua. Nanakili mazungumzo ninayoyataka kwa kalamu ya wino mzito kwenye karatasi za manila, herufi kubwa, nazibandika ukutani. Karatasi tatu zinatosha: ya utabiri, ya shaka na ya gerezani. Kwa kuwa ni tamthilia, wawili wasimame waigize, mmoja Kitunda, mwingine Kinjeketile. Kisha wabadilishane. Aliyekuwa Kitunda akiingia kwa Kinjeketile, sauti hubadilika, na darasa hulisikia hilo kabla hujalieleza.

Swali (Mombasa): Salaam, mwalimu. Wanafunzi wangu huniambia, "Mhusika hana nia, mwandishi ndiye aliyemtunga hivyo." Nawajibuje?

Jibu: Wamegusa jambo zito, wapongeze. Kuna "kwa nini" mbili. Moja ni ya mwandishi: kwa nini ameliweka tukio hili hapa? Hiyo ipeleke kwenye dhamira. Ya pili ni ya mhusika ndani ya ulimwengu wake. Kinjeketile anafaa sana kwa hili. Kinjeketile Ngwale wa historia, mtu wa Ngarambe, alinyongwa na Wajerumani Agosti 1905, majuma machache tu baada ya vita kuanza. Yaliyokuwa moyoni mwake hatuwezi kuyasoma. Hussein mwenyewe anaeleza katika utangulizi wake kwamba Kinjeketile wa mchezo ni zao la ubunifu wake. Shaka zile za jukwaani ni kazi ya msanii, na kwa sababu ameziandika, tunaweza kuzinyooshea kidole.

Swali (Mwanza): Wanafunzi wawili wametoa misukumo tofauti kwa kitendo kimoja, wote wana ushahidi. Nani apewe alama?

Jibu: Wote. Halafu wape kazi ya kujadili ni ushahidi upi mzito zaidi.

Swali (Morogoro): Mimi huwauliza, "Ungekuwa wewe ungefanyaje?" Mbona hukuitaja?

Jibu: Niliiacha kwa makusudi, Madam, kwa sababu mwanafunzi akianza kujisemea yeye, kitabu anakisahau. Lakini haina ubaya ukiwa na swali la kuifuatishia. Kijana mmoja aliniambia, "Mimi ningesema tu ni uongo, niachiwe nirudi kwa mke wangu." Wenzake wakacheka. Nikamwambia, "Kinjeketile naye ana mke, umemsoma kurasa za mwanzo. Mbona hilo halikumtosha?" Alirudi kwenye kitabu akaanza kufunua kurasa.