Kijana kati ya nyumba na shule: jinsi ya kulinda afya ya akili yake mjini Bukavu

Kijana wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, anayesoma sekondari huishi chini ya mamlaka mawili ambayo ni nadra kuzungumza. Nyumbani wapo wazazi, au baba mdogo, au shangazi aliyempokea. Shuleni yupo titulere, yaani mwalimu msimamizi wa darasa, mkuu wa nidhamu, na prefe, yaani mkuu wa shule. Pande hizo hukutana hasa kwa mambo mawili, yaani minerivali (karo ya shule) isiyolipwa na buleteni (ripoti ya pointi) isiyopendeza. Katikati ya hayo kijana anaweza kuacha kula, kuacha kulala au kuacha kuzungumza kwa muda mrefu, na kila upande ukadhani kwamba chanzo kiko upande wa pili. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mzazi, mlezi au mwalimu anayetaka kuizuia hali hiyo mapema na, ikiwa imekwisha kuingia, kujua aanzie wapi.

Shirika la Afya Duniani huhesabu umri wa balehe kuwa kuanzia miaka 10 hadi 19, na hukadiria kwamba duniani kijana mmoja kati ya saba wa umri huo ana tatizo la afya ya akili, hasa wasiwasi uliozidi, matatizo ya tabia, na sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka. Katika darasa la wanafunzi 50, ambalo kwetu si darasa kubwa, hao ni kama saba, na makadirio hayo ni ya dunia nzima, si ya mji uliopitia vita. Katika umri huo sehemu za ubongo zinazoamsha hisia hutangulia kukomaa, ilhali zile za kupima na kujizuia huendelea kukua hadi baada ya miaka 20. Ndiyo maana neno ambalo mtu mzima angelisahau jioni humkaa kijana mwezi mzima, hasa likisemwa mbele ya wenzake. Kwa maoni yangu, kinachowavunja vijana wetu wengi si ufukara wenyewe. Ni kuaibishwa kwa ajili yake hadharani, kisha kukosa mtu wa kumweleza.

Kutambua badiliko

Jambo la kuangalia kwanza ni badiliko. Msichana aliye mkimya tangu utotoni hana shida kwa sababu ya ukimya wake, lakini yule aliyekuwa akienda mazoezi ya kwaya kila juma, na sasa hataki hata kuitwa, huyo aulizwe. Vivyo hivyo kwa mvulana aliyeanza kurudi nyumbani usiku bila sababu, aliyeanza pombe, anayegombana na kila mtu, au ambaye pointi zake zimeshuka katika masomo yote kwa mara moja. Wavulana wengi huonyesha huzuni kwa hasira, na hasira hiyo huwaletea adhabu badala ya msaada. Badiliko likidumu wiki mbili au zaidi, na likazuia masomo, chakula, usingizi au urafiki, si la kungoja lipite.

Mara nyingi ni mwili unaosema kwanza. Kichwa kinauma, tumbo linakaza kila Jumatatu asubuhi, moyo unadunda, na hapa kwetu maumivu kama hayo hupewa haraka jina la tifoidi. Kupima malaria na upungufu wa damu ni sahihi, tena kusirukwe. Lakini kijana anayetibiwa tifoidi mara ya tatu katika mwaka mmoja wa shule, na ambaye maumivu humwisha wakati wa likizo, anahitaji maswali mengine zaidi ya vidonge. Mwalimu naye ana nafasi ambayo mzazi hana, kwa kuwa humwona kijana kati ya wenzake: nani anakaa peke yake wakati wa mapumziko, nani analala mezani, nani anaomba ruhusa ya kutoka kila saa ya somo fulani.

Minerivali

Tangu Septemba 2019 shule za msingi za serikali hazitozi karo, lakini kuanzia mwaka wa saba mzazi hulipa. Maana yake ni kwamba mtoto hukutana na kufukuzwa kwa ajili ya minerivali katika umri uleule ambao macho ya wenzake yameanza kumwumiza. Mambo yalizidi kuwa magumu tangu Februari 2025, kundi la waasi la M23 lilipoingia mjini na benki zikafungwa, hata mzazi mwenye mshahara akawa hana namna rahisi ya kuufikia.

Kwa hiyo mzazi anayejua kwamba hatalipa kwa tarehe iliyowekwa aende shuleni kabla majina hayajasomwa. Akutane na prefe au mhasibu, aseme kiasi anachoweza kutoa na siku atakayokitoa, kwa mfano siku ambayo zamu yake ya likelemba, yaani mchango wa kupokezana, itafika, kisha aombe makubaliano hayo yaandikwe. Si kila shule itakubali, lakini hata pale inapokataa, mtoto ameepushwa na kazi ya kubeba majibu kati ya wakubwa wawili, naye hatalazimika kusema uongo kwa niaba ya nyumba yake. Kijana mwenyewe aelezwe ukweli kwa maneno machache: tumelipa hiki, kimebaki hiki, tutalipa wakati huu. Wazazi wengi huficha wakidhani wanamkinga, ilhali anayefichwa hubuni mambo mabaya kuliko yale yaliyopo, na wapo wanaojiona kuwa mzigo wa nyumba.

Kwa upande wa shule, deni ni la mzazi na lidaiwe kwa mzazi, kwa simu au kwa barua iliyofungwa. Kusoma majina ya wadaiwa mbele ya mstari wakati wa kusalimu bendera hakuharakishi malipo ya mtu asiye na pesa. Ikiwa shule haina budi kumrudisha mwanafunzi, aitwe kando na mzazi ajulishwe saa hiyohiyo, kwa sababu wengi hawaendi nyumbani. Huzunguka sokoni Kadutu au kando ya ziwa hadi wenzao watoke, na hayo ndiyo masaa wanayokutana na watu wasiofaa. Wasichana hasa huahidiwa na wanaume kulipiwa karo.

Buleteni

Siku ya buleteni, mzazi asianze na asilimia ya jumla. Aangalie somo kwa somo na kipindi kwa kipindi, kisha amuulize kijana yeye mwenyewe anaona nini, na anyamaze hadi ajibiwe. Aliyeshuka kidogo katika hisabati ana shida ya hisabati. Aliyeshuka kila mahali katika kipindi kimoja alipatwa na jambo, na jambo hilo lina tarehe ambayo inaweza kutafutwa: kifo, kuhama nyumba, ugomvi wa wazazi, risasi zilizosikika usiku, mwalimu aliyemwaibisha, rafiki aliyemwacha. Kumlinganisha na binamu yake aliyepata asilimia 70 hakumwongezei pointi hata moja. Fimbo nayo humfundisha kuficha buleteni ijayo, kwani akili iliyojaa hofu hushika somo kwa shida.

Mwanafunzi anayerudia mwaka, na yule aliyekosa diploma katika mtihani wa serikali, wanastahili uangalizi wa karibu katika siku za kwanza baada ya matokeo. Wasiachwe peke yao na simu inayojaa pongezi za wenzao, na mazungumzo kuhusu mwaka ujao yangoje mpaka waweze kula na kulala.

Usingizi na kazi za nyumbani

Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, na katika umri huo mwili wenyewe huchelewa kuhisi usingizi usiku. Tuchukue msichana anayeamka saa kumi alfajiri kutafuta maji, akapanda mlima na dumu, akafagia, akapika, kisha akaenda masomoni, na usiku akangoja umeme wa shirika la SNEL urudi ili apige pasi sare na kufanya mazoezi ya shule. Msichana huyo hawezi kuitwa mvivu anaposinzia darasani. Kukosa usingizi kwa muda mrefu huzidisha huzuni na wasiwasi, nao huzidisha kukosa usingizi.

Hakuna anayedai kwamba kazi za nyumbani ziondolewe. Kijana asiyefanya lolote nyumbani hukosa kitu pia. Zigawanywe tu: wavulana nao wachote maji na kuosha vyombo, zamu zibadilishwe, na wakati wa mitihani anayefanya mtihani apunguziwe. Simu zikae chumba cha wazazi usiku, pamoja na simu za wazazi. Nyumba inayomlea mtoto wa ndugu ijichunguze zaidi, kwa sababu mara nyingi huyo ndiye anayeamka wa kwanza na kulipiwa karo wa mwisho, na kwa heshima ya ukoo hatasema kitu.

Namna ya kuzungumza

Kumketisha kijana sebuleni mbele ya baba, mama na wajomba, kisha kumwambia aseme, ni kumfunga mdomo. Maneno hutoka kwa urahisi zaidi wakati mikono ina kazi na macho hayakutani: wakati wa kuchambua sombe (majani ya muhogo), au njiani mkipanda kutoka mtaa wa Nyawera. Mzazi aseme alichokiona na asianze na hukumu: "Mwanangu, tangu juma lililopita huli vizuri, na jana ulirudi ukaenda kulala bila kusalimu mtu. Sikuulizi ili nikukemee. Kuna kitu kinakusumbua, shuleni au hapa nyumbani?" Akikataa kujibu, aambiwe kwamba swali litabaki wazi, na kweli lirudiwe baada ya siku chache. Yasitumike maneno kama "sisi vita tumeviona vingi na hatukulia," kwa kuwa humaliza mazungumzo. Na pale ambapo baba yuko Kamituga kutafuta dhahabu na mama anavuka mpaka wa Ruzizi kila alfajiri kufanya biashara, achaguliwe mtu mzima mmoja, bibi au jirani anayeaminika, ambaye kijana anajua kwamba anaweza kumwendea.

Mwalimu anayempigia mzazi simu aanze hivi: "Mama, sikukupigia kwa ajili ya minerivali." Bila sentensi hiyo mzazi hatasikia yanayofuata. Kisha aeleze alichokiona bila kutaja ugonjwa wowote, na aulize kama nyumbani wameona vilevile. Siri ambayo kijana amempa isipelekwe nyumbani kwa njia hiyo, isipokuwa maisha yake yako hatarini, na hata hapo aambiwe kwanza. Ikiwa hatari yenyewe inatoka nyumbani, mwalimu amtafute mtu mzima mwingine wa kumlinda.

Pale ambapo mazungumzo hayatoshi

Kijana anayesema kwamba amechoka kuishi, anayegawa vitu vyake, au anayeaga kwa namna isiyo ya kawaida, aulizwe waziwazi kama anafikiri kujiua. Swali hilo halimtii wazo jipya kichwani. Mara nyingi humpa nafuu. Akikubali, asiachwe peke yake hata kwa muda mfupi, dawa zote na sumu za panya na za wadudu ziondolewe nyumbani, na apelekwe siku hiyohiyo hospitali. Ikiwa badiliko la ghafla linafuata ubakaji, asilaumiwe wala asihojiwe mara kumi. Afikishwe hospitali kabla ya saa 72 kupita, maana dawa za kuzuia virusi vya ukimwi hazifai tena baada ya hapo. Hospitali ya Panzi, aliyoianzisha Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, inawapokea waliofanyiwa ukatili wa namna hiyo. Aliyechelewa naye apelekwe, kwa kuwa matibabu mengine na msaada wa moyo bado vipo.

Kwa matatizo ya akili yasiyo ya dharura, kituo cha afya cha mtaa ni mahali pa kuanzia, na Bukavu kuna kituo cha SOSAME cha mabruda wa shirika la Frères de la Charité, ambacho kazi yake ni kutibu matatizo hayo. Familia nyingi hupita kanisani kwanza, na sala ni haki yao. Lakini chumba cha maombi kinachomfunga kijana kamba, kumlazimisha kufunga chakula au kumkataza dawa kinamdhuru. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto, yaani kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18, inakataza pia kumshtaki mtoto uchawi, na hilo mzazi anaweza kulisema kwa sauti mbele ya mchungaji yeyote.

Kijana akitibiwa na kurudi masomoni, mzazi amtangulie kwa prefe ili wakubaliane mambo machache: ni nani shuleni atakayekuwa mtu wake, masomo aliyoyakosa yatafidiwa vipi bila kuyarundika katika juma moja, na mwanafunzi atakayemwita kichaa atafanywa nini. Dawa alizoandikiwa zisikatwe bila daktari, hata akionekana amepona, na tarehe ya kurudi kituoni ijulikane na titulere, ili asije akawekewa mtihani siku hiyo.