Namna ya Kuitia Ufunguo Saa Isiyotumia Betri

Saa isiyotumia betri hupata nguvu zake zote kutoka kwenye kamani, ambayo ni utepe mwembamba wa chuma uliokunjwa ndani ya kikopo cha duara chenye meno. Kifundo cha ubavuni kinapozungushwa, utepe huo hukazwa kuuzunguka mhimili wa katikati, na kizuizi kidogo kinachonasa katika meno ya gurudumu la juu huuzuia usifyatuke kurudi nyuma. Ndicho kinachotoa ile sauti ya kukwaruza inayosikika wakati wa kuitia saa ufunguo, yaani kuijaza. Baada ya hapo kamani hujikunjua polepole na kukizungusha kikopo, nacho huyasukuma magurudumu mengine hadi kwenye gurudumu la mizani, ambalo katika saa nyingi za sasa huyumba mara 21,600 au 28,800 kwa saa moja.

Ivue saa mkononi kabla ya kuijaza, kwa sababu ikiwa bado imevaliwa vidole hukivuta kifundo upande na kuukandamiza mtaimbo wake mwembamba. Kama kifundo kimefungwa kwa hesi, kifungue kwanza kwa kukizungusha kinyume na mwendo wa akrabu hadi kijitokeze, wala usikivute zaidi ya hapo, maana hatua inayofuata ni ya kurekebisha tarehe au wakati. Kisha kizungushe taratibu, upande wake wa juu ukielekea namba 12.

Katika saa ya kujazwa kwa mkono, mizunguko 20 hadi 40 kwa kawaida hutosha, lakini kipimo cha kuaminika zaidi ni vidole vyenyewe: ukihisi kifundo kimekuwa kigumu ghafla, acha papo hapo. Saa inayojijaza yenyewe haina kikomo hicho, kwa kuwa ncha ya nje ya kamani yake huteleza ukutani mwa kikopo inapojaa. Saa ya mkononi ya aina hiyo ilipewa hataza nchini Uswisi mwaka 1924, kwa jina la Mwingereza John Harwood. Ndani yake kuna kipande kizito kinachozunguka au kuyumba kadiri mkono unavyosogea na hivyo kuijaza kamani, na ikiwa saa imesimama kabisa ni afadhali kukizungusha kifundo mara 30 hivi kabla ya kuivaa kuliko kuitikisatikisa, kwa sababu kutikisa huingiza nguvu kidogo mno.

Saa nyingi huenda kwa takribani saa 40 zikiwa zimejaa, na baadhi ya zile mpya hufikia 70 au 80. Hata hivyo, nashauri ijazwe kila siku, asubuhi, kwa kuwa msukumo wa kamani hupungua inapokaribia kuisha, gurudumu la mizani likayumba kwa upana mdogo na saa ikaanza kupoteza usahihi wake.

Watu wengi husema saa fulani imesimama kwa sababu ilijazwa kupita kiasi. Mara nyingi kamani imejaa kweli, lakini kinachoizuia saa ni mafuta yaliyokauka au uchafu kwenye magurudumu, na hiyo ni kazi ya fundi. Kulazimisha kifundo kilichokwisha kukaza, kwa upande mwingine, kunaweza kukata kamani au kuvunja kizuizi.

Saa isiyovaliwa kwa wiki kadhaa inaweza kuachwa isimame bila madhara. Ukiianzisha tena, usibadilishe tarehe kwa kifundo wakati akrabu zinaonyesha kati ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, kwani huenda meno ya kubadilishia tarehe yameshanasana. Sogeza akrabu kwanza hadi zitoke katika kipindi hicho, ndipo uweke tarehe.