Stroberi za Shamba la Jirani Katika Jiko la Shule ya Bweni

Limuru na sehemu nyingine za juu za Kaunti ya Kiambu hulima stroberi kilomita chache tu kutoka kwenye shule za bweni zenye mamia ya wanafunzi, lakini mengi ya matunda hayo hupita langoni mwa shule hizo yakielekea Nairobi. Jiko la shule linaweza kuyatumia vizuri, mradi likubali jambo moja tangu mwanzo: siku ya kuchuma ndiyo inayopanga siku ya kupakua, wala si ratiba iliyobandikwa ukutani muhula ulipoanza. Stroberi haiendelei kuiva baada ya kuchumwa, tofauti na ndizi, embe au parachichi. Ikichumwa ikiwa bado nyeupe upande wa kikonyo, itabaki na uchachu wake mpaka ioze.

Kwa hiyo mpishi mkuu na mkulima wakubaliane kwanza kuhusu siku. Shamba linalozaa huchumwa kila baada ya siku mbili au tatu, na inafaa shule ichukue mavuno ya asubuhi, yaliyochumwa kabla ya jua kali, ili yaliwe siku hiyo hiyo. Katika miezi ya masika ukungu wa kijivu, yaani kuvu inayoozesha stroberi, huharibu matunda mengi, na ni busara kupunguza oda badala ya kumlazimisha mkulima kujaza pengo kwa matunda duni. Malipo nayo yasisubiri mwisho wa muhula, kwa sababu mkulima mdogo hulipa vibarua wake kila wanapochuma, na akicheleweshewa atarudi kwa wachuuzi wa mjini. Shule ya umma inapaswa kufuata taratibu za zabuni, lakini hilo lisiwe kisingizio cha kuwaacha majirani: Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 inatenga asilimia 30 ya ununuzi kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na kikundi cha wanawake wakulima kilichosajiliwa kinaweza kuingia kupitia mlango huo.

Kabla ya oda ya kwanza, mtu wa jikoni atembelee shamba. Aulize tarehe ya mwisho ya kunyunyizia dawa na ailinganishe na siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo ya dawa hiyo. Aangalie pia kama wachumaji wana choo, maji na sabuni ya kunawa. Hili la mwisho ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, kwa kuwa stroberi huliwa mbichi, haina ganda la kumenya, na hushikwa kwa mkono moja moja. Mwaka 2012 karibu watu 11,000, wengi wao wakiwa watoto wa shule na chekechea za mashariki mwa Ujerumani, waliugua kwa kutapika na kuharisha baada ya kula stroberi zilizogandishwa zilizokuwa na virusi vya noro. Matunda hayo yalitoka mbali, nchini China, lakini ukaribu wa shamba peke yake hauondoi hatari hiyo. Faida yake ni kwamba mnunuzi anaweza kwenda kujionea mwenyewe.

Kiasi hukadiriwa kwa urahisi. Gramu 80 kwa mwanafunzi, yaani matunda sita au saba ya wastani, ni kilo 24 kwa wanafunzi 300. Kwa kuwa vikonyo na matunda yaliyopondeka hupunguza uzito, oda iwe kilo 28 hivi. Bajeti ikiwa finyu, changanya gramu 40 za stroberi na ndizi au papai, na oda itashuka hadi kilo 14.

Matunda yapokelewe katika kreti zisizo na kina, yasirundikwe zaidi ya tabaka tatu au nne, kwani ya chini huvuja maji na ukungu huanzia hapo. Tunda lenye ukungu litupwe, na yaliyogusana nalo yakaguliwe. Kama kuna friji, halijoto iwe kati ya nyuzi 0 na 4, mbali na vitunguu na samaki, maana stroberi hunasa harufu. Kama hakuna friji, yakae kivulini penye hewa na yaliwe siku hiyo hiyo.

Kuosha kufanywe muda mfupi kabla ya kupakua, vikonyo vikiwa bado mahali pake ili maji yasiingie ndani ya tunda. Tumia maji safi yenye dawa ya klorini isiyo na manukato: kwa dawa ya asilimia 3.5, mililita 60 katika ndoo ya lita 20 zinatosha. Tumbukiza kwa dakika moja au mbili, suuza kwa maji salama ya kunywa, chuja, kisha ondoa vikonyo. Klorini hupunguza vijidudu lakini haivimalizi, na ndiyo maana usafi wa shambani hauna mbadala.

Mezani, stroberi hufaa sana juu ya maziwa lala au uji wa wimbi. Uji wa maziwa uachwe upoe kwanza, kwa sababu asidi ya tunda hukatisha maziwa ya moto. Kata matunda dakika za mwisho, yasipoteze maji na vitamini C, ambayo ni karibu miligramu 60 katika kila gramu 100. Matroni aulizwe mapema ni wanafunzi gani wana mzio, nao wawekewe tunda jingine.

Matunda yaliyolainika, lakini yasiyo na ukungu, yapikwe jemu siku hiyo: kilo 10 za matunda, kilo 7 za sukari na maji ya limau 10, kwa kuwa stroberi ina pektini kidogo, yaani kile kinachofanya jemu igande. Vitabu vingi husema jemu hushika kwenye nyuzi 105, lakini hicho ni kipimo cha usawa wa bahari. Limuru, kwenye mita 2,200 hivi, maji huchemka karibu na nyuzi 93, kwa hiyo jemu iepuliwe ikifika 97 au 98. Ukingoja 105 itaungua. Imiminwe ingali moto katika chupa zilizochemshwa, zifungwe mara moja na kuandikwa tarehe, na kila chupa ikishafunguliwa iwekwe kwenye friji.