Namna ya Kuirudia Picha ya Zamani Ukaiona Upya

Kabla hujawasha runinga, chukua karatasi uandike unachokikumbuka: picha inaanzaje, nani anakufa, nani anaoa, na mwisho wake ukoje. Kazi hii haizidi dakika kumi, na ndiyo inayotofautisha kurudia picha na kujiburudisha kwa mazoea. Hapa Tanga kila mtaa una watu wanaotamka maneno ya steringi kabla hayajamtoka kinywani, lakini ukiwauliza aliyesimama nyuma yake alikuwa akifanya nini, hawana jibu. Karatasi itakuonyesha ni wapi macho yako yalikwenda mara ya kwanza, nawe mara hii uyapeleke kwingine.

Katika kuchagua, tafuta picha ambayo siri yake iliwekwa waziwazi mbele yako. Picha inayokuficha jambo kwa kutolionyesha kabisa haina mengi ya kukupa ukiirudia. Inayokuonyesha jambo hilo tangu mwanzo nawe usilitambue, hiyo ndiyo ya kurudiwa. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Sholay, picha ya Kihindi iliyotoka tarehe 15 Agosti 1975, na asiyewahi kuiona namwomba airuke aya hii na mbili zinazofuata. Jai, aliyechezwa na Amitabh Bachchan, anakata shauri kwa kurusha sarafu kila yeye na mwenzake Veeru wanapotofautiana, na mtazamaji wa mara ya kwanza anadhani bahati inampenda. Jai anapokufa ndipo Veeru anapogundua kwamba sarafu ile ina pande mbili zinazofanana. Ukirudi mwanzo ukiwa unalijua hilo, unaona kwamba tangu wakiwa na Thakur, polisi aliyekuwa amewakamata, amejeruhiwa garimoshini, wakibishana wamwokoe au wakimbie, Jai alikuwa ameshaamua, na ile sarafu ilikuwa njia yake ya upole ya kumbeba rafiki yake. Kwangu mimi picha ya mara ya pili ni kubwa kuliko ya mara ya kwanza.

Mtazame vilevile Thakur na shali yake. Majambazi wanapovamia kijiji siku ya Holi, bunduki iko miguuni pake, naye haiokoti kuwarushia Jai na Veeru waliokuwa wakipigania roho zao. Mara ya kwanza unamkasirikia pamoja nao, mpaka unapoelezwa kwamba Gabbar, mkuu wa majambazi hao, alimkata mikono. Mara ya pili hasira haipo. Unabaki kuutazama uso wa Sanjeev Kumar, aliyemcheza Thakur, ambaye kwa muda mrefu hana kitu cha kuigizia ila uso huo na mabega yake.

Hatua inayofuata ni kuijua nakala uliyonayo, na hapa nawasihi wasomaji wasiwe wavivu. Nimekaa kwenye baraza za Ngamiani, kahawa na kashata mkononi, nikisikiliza watu wazima wakibishana kama Gabbar aliuawa au alikamatwa na polisi, kila mmoja akiapa kwamba ameona kwa macho yake, na wote wanasema kweli. Katika picha ilivyotengenezwa, Thakur anamuua kwa viatu vyenye misumari. Lakini mwaka ule India ilikuwa chini ya hali ya hatari, bodi ya ukaguzi wa filamu ikaukataa mwisho huo, ukapigwa mwingine ambamo polisi wanafika kabla hajamaliza. Baadaye mwisho wa awali nao ukaenea kwenye mikanda ya video. Kwa hiyo, kabla ya kumwambia mwenzako kwamba anakumbuka vibaya, muulize aliona mkanda upi.

Nakala huathiri hata mwendo. Sinema hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde, ilhali mikanda ya video ya PAL, mfumo wa runinga tulioutumia huku, ilikwenda kwa 25, hivyo picha ya dakika 200 iliisha kwa dakika 192 na sauti za waigizaji zikapanda kidogo. Ukiona leo waimbaji wana sauti nzito kuliko ulivyozoea, huenda masikio yako hayana kosa lolote. Runinga pana za sasa nazo huvuta picha za zamani mpaka nyuso zikawa nene. Ingia kwenye mipangilio, urudishe umbo lake la asili, ukubali nafasi nyeusi pembeni.

Tamthilia za runinga zinataka utaratibu mwingine. Zilitungwa kwa mtu atakayesubiri wiki nzima, na ndiyo maana kila sehemu huanza kwa kukumbusha yaliyopita na kuishia pabaya. Ukitazama sehemu sita usiku mmoja, ukumbusho huo unakuchosha, ukaishia kumlaumu mtunzi kwa kosa ambalo si lake. Tazama moja, lala, zungumza na wenzako kesho yake, kisha endelea. Na kama muda ni mfinyu, chagua sehemu tatu unazozikumbuka vizuri pamoja na moja usiyoikumbuka kabisa.

Mwisho ni mwenzi wa kutazama naye. Ninayemchagua mimi ni kijana ambaye hajawahi kuiona picha hiyo, nami huketi pembeni mahali ninapoweza kuuona uso wake. Sharti ni moja na ni gumu: usiseme neno. Usimwambie "angalia hapa," usicheke mapema, usivute pumzi kabla ya jambo kutokea. Sarafu ikirushwa hewani, mwache aiamini. Picha ikiisha, mpe kalamu na karatasi aandike alichokiona, mkiweke pamoja na cha kwako cha mwanzo, kisha mvisome vyote viwili kwa sauti.