Popo na sisimizi ndani ya mbuyu mmoja: namna ya kuwachunguza

Mibuyu mingi ya Dodoma ina uvungu, na si ajabu kukuta sisimizi na popo wanaokula wadudu humo humo. Kabla hujasema wanagombana, jua kwanza njia ya sisimizi inaishia wapi.

Nenda asubuhi, maana jua likiwa kali sisimizi wengi hujificha na utadhani hawapo. Sikiliza mlangoni mwa tundu. Ukisikia nyuki wanavuma, achana na mti huo. Vaa barakoa, maana vumbi la mavi ya popo huweza kubeba kuvu wanaoshambulia mapafu, na usiingize kichwa wala mkono.

Okota kinyesi kimoja, kisage kwa kijiti juu ya karatasi. Cha popo hawa huwa unga wenye vipande vinavyong'aa vya wadudu. Cha panya kikikauka huwa kigumu.

Chukua vifuniko viwili vya soda, tia kipande cha dagaa katika kila kimoja. Kimoja weka chini ya shina, kingine ukingoni mwa tundu. Rudi baada ya nusu saa. Wakijaa cha chini tu, huenda wanaokota mabaki yanayodondoka. Wakifika cha juu, fuata mstari wao kwa macho: unapanda hadi dari wanakoning'inia popo, au unapita tu? Kisha ondoa dagaa, la sivyo umewafungulia njia mpya na matokeo ya kesho hayana maana.

Jioni kaeni wawili, mita kumi hivi kutoka kwenye mti, robo saa kabla jua halijazama, tundu likiwa mbele ya anga angavu. Mmoja ahesabu wanaotoka, mwingine wanaorudi, kisha toeni idadi ya wanaorudi kwenye ya wanaotoka. Tochi ifunikwe kitambaa chekundu.

Ukiona sisimizi wamebeba kitoto cha popo, usiwahukumu haraka: hata kilichodondoka na kufa hubebwa. Msafara wa siafu unaoingia tunduni ni jambo jingine, kwani kitoto kisichoruka hakina pa kukimbilia. Hata hapo usipulize dawa wala usifukize moshi. Popo hujisafisha kwa kulamba manyoya, na sumu humfikia kwa njia hiyo.

Popo aliyeanguka usimshike kwa mkono mtupu. Aking'ata, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa.